Fainali ya hoki ya barafu, Edmonton na Florida: kwa nini bingwa mtetezi kapewa odi kubwa?

#1 MkekaMchakavu (Jumatatu 2 Juni 2025, saa 3:10 usiku)

Wakuu, habari za usiku.

Mimi ni mtu wa soka. Jumamosi Inter kanichania mkeka, tano bila na PSG, mnajua wenyewe. Ligi zimeisha, nimebaki na elfu ishirini kwenye akaunti na mikono inawasha. Katika kupekua pekua nikakuta fainali ya Stanley Cup, hoki ya barafuni, Edmonton Oilers na Florida Panthers, mechi ya kwanza wiki hii.

Nimesoma kidogo nikaona mwaka jana hawa hawa walikutana fainali, Florida akabeba. Sasa mbona mwaka huu Edmonton ndiye mwenye odi ndogo, yaani ndiye anayetarajiwa kushinda? Bingwa anadharauliwa vipi? Au kuna kitu kampuni zinajua na sisi hatujui?

Wajuzi wa barafu karibuni.

#2 Kibuyu cha Togwa

Nimevuta kigoda. Barafu ninayoijua mimi ni ya shilingi mia.

#3 Kaka wa Edmonton

Mkuu MkekaMchakavu, umefika nyumbani. Naishi hapa Edmonton mwaka wa kumi na moja, mji mzima sasa hivi ni rangi ya chungwa, hadi mabasi.

Jibu fupi ni uwanja wa nyumbani. Oilers walimaliza msimu wa kawaida na pointi 101, Panthers 98, kwa hiyo mechi mbili za kwanza zinachezwa hapa Rogers Place, mbili zinazofuata kwao Sunrise, halafu wanapokezana moja moja. Ikifika mechi ya saba, inapigwa hapa. Mwaka jana ilikuwa kinyume, na hiyo ya saba tulifungwa 2-1 kule kwao.

Na kwenye hoki nyumbani siyo kelele za mashabiki tu. Mchezo ukisimama, kocha wa nyumbani ndiye anayebadilisha wachezaji wa mwisho. Yaani anasubiri mgeni aingize watu wake, ndipo achague nyota wetu McDavid apambane na nani. Florida wana Barkov, jamaa anayekaba washambuliaji kama kivuli. Kocha wetu akiwa nyumbani anaweza kumkimbiza McDavid mbali na Barkov. Akiwa ugenini hawezi.

#4 Mtu wa Takwimu

#3 umesema kweli lakini umesema nusu. Mchujo wa mwaka huu Florida ugenini kashinda mechi 8, kapoteza 2. Hizo 2 ni za mwanzo kule Toronto, na baadaye akarudi Toronto akawapiga 6-1 mechi ya tano na 6-1 tena mechi ya saba. Huyo mtu ukimwambia "leo uko ugenini" anakucheka.

Edmonton nyumbani ni 6 kwa 1. Kwa hiyo wote wanajua kazi.

#5 Kaka wa Edmonton

Sibishi. Ila kabla watu hawajaanza kuweka hela, onyo moja kwa wanaotoka soka: angalieni mnabeti safu gani. Kampuni nyingi zina 1X2 ya hoki (1 mwenyeji, X sare, 2 mgeni), na hiyo ni ya dakika 60 tu. Kuna nyingine ya "mshindi, pamoja na dakika za nyongeza", haina X. Odi ya 1 kwenye 1X2 ni kubwa zaidi na inavutia macho. Lakini mechi ikiisha sare dakika 60, hata timu yako ishinde baadaye, wewe umeshakwenda na maji.

Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza hapa niliruka sebuleni nikashangilia goli la ushindi la nyongeza, naenda kuangalia simu nakuta wameandika nimepoteza. Mke wangu alidhani nimepata taarifa ya msiba.

#6 MkekaMchakavu

Ahsante mkuu. Sasa hizo nyongeza si zina penalti mwisho wake?

#7 Kaka wa Edmonton

Penalti ni za msimu wa kawaida. Kwenye mchujo hakuna. Wanacheza watano kwa watano, kipindi kizima cha dakika 20, anayefunga kwanza mechi imekwisha. Wasipofungana wanapumzika, barafu inasafishwa, wanaanza kipindi kingine. Hata usiku wa manane.

#8 Kibuyu cha Togwa

Kwani huko kwenu saa ngapi na kwetu saa ngapi?

#9 Kaka wa Edmonton

Jumatano saa kumi na mbili jioni hapa. Dar na Nairobi ni saa tisa usiku wa kuamkia Alhamisi.

#10 Kibuyu cha Togwa

Basi hapo mke ataniuliza niko na nani. Kigoda nakirudisha ndani.

#11 Binti Kilindini

Mimi naona mnazunguka. Jibu la swali la mleta mada ni hela za Wakanada. Hakuna timu ya Canada iliyobeba hili kombe tangu Montreal 1993. Nchi nzima inaiombea Edmonton, hata wanaoichukia. Watu wote hao wakiweka upande mmoja, kampuni inashusha odi ya upande huo. Siyo kwamba Edmonton ni bora, ni kwamba amependwa.

#12 Mtu wa Takwimu

Dada Binti, hoja nzuri ila usiiamini sana. Kampuni kubwa haziogopi shabiki wa dola kumi, zinaogopa wale wanaoweka mamilioni kwa hesabu. Odi ingekuwa imepotoka kwa mapenzi tu, hao wangeikimbilia Florida asubuhi mapema na ingerudi sawa.

Halafu tofauti yenyewe ni ndogo. Tuseme mmoja ana 1.85 na mwingine 1.95. Gawanya moja kwa kila odi: unapata asilimia 54 na asilimia 51. Jumla 105. Hiyo 5 ya juu ndiyo ugali wa kampuni. Ukiitoa unabaki na kama 51 kwa 49. Yaani sarafu. Mleta mada anauliza kwa nini bingwa "anadharauliwa", hajadharauliwa.

#13 Binti Kilindini

Kama ni sarafu mbona unaandika aya tatu?

#14 Mtu wa Takwimu

😅 Ugonjwa.

#15 Papa Kivu

Wandugu, mimi pia niko Edmonton, kazi ya ghala, zamu ya usiku. Nawaambia kitu kimoja: kipa. Stuart Skinner ni mtoto wa hapa hapa mjini. Mchujo ulipoanza na Los Angeles alifungwa 6, mechi ya pili 5. Akawekwa benchi. Pale kazini watu walimtukana mpaka nikamwonea huruma. Akaingia Pickard, akashinda mechi 6 mfululizo, kisha akaumia kwenye mechi na Vegas. Skinner akarudi kwa sababu hakuna mwingine. Na tangu hapo? Mechi 3 hajafungwa hata goli moja, mbili za Vegas na moja ya Dallas.

Sasa niambieni, hapo mtu anabeti nini? Skinner yupi atakuja Jumatano?

#16 Mzee wa Kona

Papa Kivu umegusa penyewe. Hoki ni kipa. Ukimjua kipa umeijua mechi, usipomjua unabahatisha. Na ndiyo sababu mimi ni Florida. Kipa wao Bobrovsky ana miaka 36, hii ni fainali yake ya tatu mfululizo, naye ana mechi 3 bila kufungwa mchujo huu. Tofauti ni kwamba yeye hajawahi kuwekwa benchi njiani.

Na wameongeza watu. Marchand katoka Boston mwezi Machi. Huyo mzee ni mchokozi wa kiwango cha juu, anaweza kukufanya umpige ngumi mbele ya mwamuzi halafu yeye akafunge.

#17 Nanyuki Boy

Ati "mzee" 😂 Mimi nilisoma wenzake wanamrushia panya wa plastiki kila wakishinda. Hiyo nayo ni nini jameni?

#18 Mzee wa Kona

Panya ni mila ya Panthers tangu msimu wa 1995/96. Mchezaji wao mmoja, Scott Mellanby, aliua panya chumba cha kubadilishia nguo kwa fimbo yake, kisha usiku huo huo akafunga magoli mawili. Mashabiki wakaanza kurusha panya wa plastiki uwanjani, na mwaka huo wakafika fainali yao ya kwanza. Sasa mechi ikiisha wachezaji wanawapiga wale panya kwa fimbo kumwelekea Marchand, maana sura na tabia wanasema vinafanana.

#19 Kibuyu cha Togwa

Uswahilini tunao wa kweli na hatujafika fainali yoyote.

#20 Kaka wa Edmonton

Kuhusu kipa: mwaka jana Bobrovsky huyu huyu alitufungia mlango mechi tatu za kwanza, tukawa chini 3-0. Halafu mechi ya nne tukampiga 8-1, alitolewa katikati. Tukashinda na ya tano na ya sita. Jumlisheni mechi zote saba: sisi magoli 23, wao 18. Tumefunga mengi zaidi na kombe likaenda kwao. Hizo takwimu za kipa unazozisema Mzee zinageuka kama upepo.

#21 Nanyuki Boy

Si huyo McDavid alibeba kombe mwaka jana? Niliona picha.

#22 Mtu wa Takwimu

Hapana ndugu. Alipewa Conn Smythe, tuzo ya mchezaji bora wa mchujo, akiwa upande ulioshindwa. Ukiacha makipa, wa mwisho kupewa hivyo alikuwa Reggie Leach wa Philadelphia, 1976. Na McDavid hakutoka hata chumbani kwenda kuipokea.

#23 Nanyuki Boy

Wueh. Ningetoka tu nichukue, hata kwa hasira.

#24 Mama Zawadi

Mnasahau majeruhi. Zach Hyman wa Oilers kaumia mkono mechi ya nne na Dallas, kafanyiwa upasuaji, harudi. Huyo ndiye anayesimama mbele ya kipa, anapigwa viuno na fimbo, anasukumia vimpira vilivyokosa mwenyewe. Bila yeye Bobrovsky ataona kila kitu. Upande wa faida, beki Ekholm karudi mechi ya mwisho na Dallas.

Mimi nimeweka Florida kubeba kombe, siyo mechi moja moja. Nimechoka kukesha.

#25 Kaka wa Edmonton

Dada, la Hyman linauma kweli. Mwanangu ana miaka 9, ana jezi ya Hyman namba 18, amegoma kuivua tangu siku ile. Namwamsha Jumamosi saa kumi na moja alfajiri kwenda mazoezini, nje wakati wa baridi ni nyuzi 25 chini ya sifuri, anakaa kwenye gari na jezi juu ya koti. Ule mfuko wake wa vifaa ukiufungua ndani ya gari lazima ushushe vioo, baridi au si baridi. Jasho la wiki nzima limekaa kwenye glavu. Nimewahi kuishi jirani na machinjio, afadhali machinjio.

#26 Nanyuki Boy

Nairobi pia tunayo barafu, msituone hivi. Hoteli ya Panari, Mombasa Road. Kuna timu, Ice Lions, 2018 walipelekwa Canada wakacheza na Sidney Crosby na MacKinnon. Mimi nilienda mara moja na mpenzi wangu wa wakati ule. Nilianguka mara nne kabla ya kumaliza mzunguko mmoja, yeye akazunguka na mwalimu mwenye mkono laini. Hatuko pamoja.

#27 Binti Kilindini

Pole. Mwalimu yuko vipi siku hizi?

#28 Mchambuzi Huru

Nimesoma yote, naona mnaficha jambo kubwa. Wachunguzi wa mambo hawabeti timu yenye Corey Perry. Fuatilieni: 2020 fainali na Dallas, kapoteza. 2021 na Montreal, kapoteza. 2022 na Tampa, kapoteza. 2024 na Edmonton, kapoteza. Mwaka huu yuko tena Edmonton. Huo ni mkosi, siyo takwimu.

#29 Mtu wa Takwimu

Alibeba 2007 na Anaheim. Na timu mbovu hazifiki fainali mara tano kwa miaka sita. Labda jamaa ana jicho la kuchagua timu nzuri tu.

#30 Mchambuzi Huru

Jicho la kuchagua timu nzuri inayofungwa. Ndiyo mkosi wenyewe huo.

#31 Mzee wa Kona

Mimi ningeongeza barafu. Florida mwezi Juni ni joto la Tanga, barafu ya kule inakuwa laini, mbio za McDavid zinapungua. Mwaka jana mechi ya saba mliiona?

#32 Papa Kivu

Mzee, uwanja una paa na mitambo. Na mechi ya tano mwaka jana tuliwafunga 5-3 kwenye barafu hiyo hiyo laini. Kama ni uchovu, sema safari. Kutoka hapa hadi Sunrise ni karibu kilomita 4,000, kwenda na kurudi na kwenda tena. Ila hapo wote wanachoka sawa.

#33 MkekaMchakavu

Wakuu mmenichanganya zaidi ya nilivyokuja. Nipeni kitu cha kuweka. Idadi ya magoli je?

#34 Mtu wa Takwimu

Watu watakwambia hawa wanafungana sana, weka ova (magoli yavuke idadi fulani). Mwaka jana kwenye mechi saba, nne zilivuka magoli 5.5, tatu hazikuvuka. Za kwanza mbili zilikuwa 3-0 na 4-1. Mechi za mwanzo wa fainali watu wanaogopana. Mimi nachukua anda 6.5 (magoli yasizidi 6), mechi nzima.

Na kuhusu X: mwaka jana mechi zote saba, hakuna hata moja iliyofika nyongeza. Hata moja. Kwa hiyo onyo la #5 ni zuri ila mkuu Kaka ana kidonda cha zamani. Odi ya dakika 60 ina nyama zaidi.

#35 Kaka wa Edmonton

Mechi saba siyo takwimu, ni kumbukumbu.

#36 Mama Zawadi

Na handikapu (timu yako ishinde kwa tofauti ya magoli kadhaa) msiisahau kwa wanaoijua. Timu ikiwa nyuma kwa goli moja dakika za mwisho inamtoa kipa ili iongeze mshambuliaji. Hapo lango liko wazi, wanafungwa la pili kizembe. Ndiyo maana kushinda kwa mawili kwenye hoki si ajabu kama kwenye soka.

#37 MkekaMchakavu

Sawa. Nimeweka Edmonton, safu ya kwanza, dakika 60. Elfu ishirini yote. Mtu wa Takwimu nakutegemea.

#38 Kaka wa Edmonton

Mungu wangu. #5, mkuu. #5.

#39 Binti Kilindini

Mimi nimeweka X elfu mbili. Sina sababu. Odi yake ilikuwa nene tu.

#40 Papa Kivu (Alhamisi 5 Juni, saa 12:50 asubuhi kwa saa za huko kwenu)

EEEEH! 4-3! Draisaitl! Nimekimbia ghala zima na forklift imezimwa!

#41 Kibuyu cha Togwa

Nimeamka kwenda kazini nakuta uzi umewaka moto. Nani kashinda na nani kalia?

#42 Kaka wa Edmonton

Mjerumani wetu Draisaitl kafunga baada ya dakika moja tu ikawa 1-0. Kisha Florida wakatugeuza 3-1, Bennett mawili, Marchand moja. Tukarudi moja moja, Ekholm (yule wa dada Mama Zawadi) akasawazisha kipindi cha tatu. 3-3 dakika 60. Nyongeza ikaenda karibu yote, zikiwa zimebaki sekunde 31, Mjerumani akamaliza. Bobrovsky kaokoa mashuti 42 na bado kafungwa, Mzee wa Kona njoo utuambie habari za kipa.

#43 Mzee wa Kona

Kipa aliyeokoa 42 hajakosa kazi. Bila yeye mngeshinda saba. Na mfululizo unaweza kufika mechi saba, tulieni.

#44 MkekaMchakavu

Nimekesha. Nimeruka. Nimeamsha watoto. Nimefungua simu.

#45 Kaka wa Edmonton

Pole sana ndugu yangu. Umepigiwa simu ya msiba kama mimi.

#46 Nanyuki Boy

Lakini Takwimu naye si alikuwa na anda 6.5? Magoli 7.

#47 Mtu wa Takwimu

Naomba niheshimiwe kwa kipindi hiki kigumu. Na nitawafundisha kitu bure: mechi ikishafika 3-3 dakika 60, anda 6.5 ya mechi nzima imekufa hapo hapo, kabla hata nyongeza haijaanza. Lazima mtu afunge la saba. Nilikaa dakika 19 nikiangalia maiti. Ningechukua anda ya dakika 60 ningekuwa nimeshalala.

#48 Binti Kilindini

😂😂 Haya, mimi X yangu imetiki. Natafuta mwalimu wa kuteleza.

#49 Mchambuzi Huru

Mechi moja haiondoi mkosi. Perry yupo mpaka mwisho.

#50 MkekaMchakavu

Swali moja jamani maana sikuelewa. Lile goli la mwisho, Florida walikuwa pungufu, wanne. Yule Nosek alimfanya nini mtu? Sikuona rafu.

#51 Kaka wa Edmonton

Hakumgusa mtu. Alikuwa eneo lake la nyuma, akapiga paki (kile kisahani cha kuchezea) moja kwa moja ikaruka kioo ikaenda kwa mashabiki. Ukifanya hivyo unakaa nje dakika 2.

#52 MkekaMchakavu

Yaani kutoa mpira nje ni rafu??

#53 Kaka wa Edmonton

Kutoka eneo lako, ndiyo.

#54 MkekaMchakavu

Kwetu hiyo beki anapigiwa makofi.

#55 Kibuyu cha Togwa

Mechi ya pili lini?

#56 Papa Kivu

Ijumaa hapa. Kwenu Jumamosi, saa tisa usiku ile ile.

#57 MkekaMchakavu

Nimeomba mkopo wa elfu kumi kwa shemeji. Binti Kilindini, uko inbox?